Nyumba Zilizotusikia Tukikosea Noti
Hotuba ya Katibu katika Jubilei ya Miaka 25 ya Kwaya



Baba Paroko, wazee wetu, wenzetu mliotoka Kakuma, waumini wote. Tuliombwa tueleze historia ya kwaya. Tulipoanza kuandika, tuliona haielezeki bila majengo tuliyopita tukiimba.

Hapa Lodwar ipo nyumba alimozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta kuanzia 1959, alipotolewa Lokitaung, hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Sisi walimu huwapeleka watoto kuiona, nao huuliza lile lile: alivumiliaje joto? Enzi hizo Turkana ilifungwa. Mtu hakuingia bila kibali. Wamisionari Wakatoliki waliruhusiwa wakati wa njaa ya 1961, kwa hiyo huku magunia ya chakula yalitangulia vitabu vya nyimbo.

Lakini jengo letu hasa lilikuwa duka la udongo, kando ya barabara ya Kakuma. Mwenyewe, mama mjane, alitupa bure kila jioni ya Jumamosi. Tulikaa juu ya magunia yake ya mahindi, na sauti ya nne ikikosea alicheka kuliko mwalimu. Barabara ilipokuja kutengenezwa, duka lilichorwa X nyekundu. Tulifanya mazoezi mle Jumamosi moja zaidi. Leo ni mtaro. Lami tunaishukuru, maana Kakuma hatulali tena njiani; ila mama sasa anauza samaki chini ya mti, na mchango tuliompa ulikuwa mdogo. Tuseme ukweli, hata mabati matano haununui.

Kakuma nako, kambi ilianza 1992, vijana wa Sudan walipofika, wengi bila wazazi. Tukienda huko tunapita maduka ya Wasomali na kahawa ya Wahabeshi, tunaishia kwa ndugu wa Kongo, waliotunyoosha sauti ya tatu bila kutuonea haya. Nyumba za matofali ya udongo tulizoimbia, kadhaa zilichukuliwa na mto Tarach. Wenyeji wake nao wametawanyika: Sudan Kusini, Marekani, Australia. Katika picha yetu ya kwanza tuko 31. Tuliobaki ni 12.

Baada ya Misa tutatembea hadi pale mtaroni, tuimbe chini ya mti wa mama. Amesema anafunga saa nane. Tafadhali tusichelewe, na kila mtu abebe pesa ya samaki.