Mashine Iandike, Katibu Athibitishe

Kunukuu mijadala ya vikao ni kazi ya siku nyingi London. Tangu mwaka 1909, Bunge la Uingereza lenyewe limekuwa likiwaajiri waandishi wa Hansard, kumbukumbu yake rasmi. Waandishi hao huondoa marudio na makosa ya wazi, lakini maana hawaigusi.

Siku hizi kompyuta nayo hunukuu. Programu ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, nyingi zikiwa za Kiingereza. Huigawa sauti katika vipande vya sekunde 30, kisha hukisia neno baada ya neno. Wazo zuri halipotei tena kwa sababu tu katibu amechelewa kuandika.

Hatari imo katika kukisia huko. Kikao kikiamua "hatutalipa", na programu ikaikosa silabi ya kwanza, muhtasari utaonyesha "tutalipa". Uamuzi umepinduka. Wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, kama ilivyo kawaida kwa Waafrika Mashariki wa London, wawe waangalifu zaidi.

Wajumbe waombwe ridhaa kabla ya kurekodiwa, na katibu asikilize upya kabla muhtasari haujasainiwa.