Mgandamizo wa Injini na Hewa ya Thika



Hapa kwetu Thika, injini nzima yaweza kuhukumiwa kwamba imekufa kwa sababu tu geji ya mgandamizo wake ilisomwa kana kwamba tuko Mombasa. Mwenye gari hulipia ringi mpya za pistoni ambazo hakuzihitaji. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Chukueni Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Uwiano wake wa mgandamizo ni 10.5 kwa 1: pistoni ikipanda, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa mara kumi na nusu. Ukibanwa hivyo kisha ukawaka, gesi hupata safari ndefu ya kuisukuma pistoni chini kabla ya kutoka kwenye ekzosi. Kwa hesabu ya nadharia, uwiano wa 8 hugeuza asilimia 56 ya joto kuwa kazi, wa 10.5 hufikia asilimia 61. Injini halisi hupata pungufu sana ya hapo, lakini mwelekeo ni uleule. Mgandamizo ukivuja, nguvu hupotea mlimani na petroli huliwa bure.

Uwiano huo haubadiliki gari likipanda kutoka pwani. Kinachopungua ni hewa. Thika iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Silinda ambayo ingesoma PSI 180 kule, hapa itasoma karibu 150, nayo ni nzima kabisa.

Kwa hiyo mkipima kwa geji, linganisheni silinda kwa silinda. Injini iwe na moto, betri iwe na chaji, petroli na umeme wa plagi vikatwe, plagi zote zitolewe, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati stata inazungusha. Mkipata 150, 148, 152 na 95, tatizo liko silinda ya nne. Mimineni humo kijiko cha oili mpime tena. Geji ikipanda, ringi zimelika. Ikibaki palepale, tazameni valvu au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, mimi huanza na gasketi.

Kazi hii haimalizi hata saa moja. Mji huu umekuwa ukiunganisha malori na mabasi tangu miaka ya 1970. Hauna sababu ya kubahatisha.

Mafundi, nawaomba: kabla ya kushusha injini ya mtu, andikeni namba hizo nne kwenye karatasi mumkabidhi. Nanyi wenye magari, msilipe senti ya ringi kabla hamjaiona karatasi hiyo.