Si kila anayekonda amepewa karuho, si kila mnene ameshiba

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Luberizi



Kamati iliniomba niongee juu ya kilo. Najua kuna waliocheka. Tulitoka vitani, tulitoka kambini, leo mtu anakuja kutuambia habari ya kukonda na kunenepa? Lakini ndiyo hivyo. Sisi watu wa kurudi, mwili wetu unasomwa na kila mtu barabarani. Aliyerudi kutoka Nyarugusu na mashavu, wanasema, "Huyo alikula misaada." Aliyerudi mwembamba, wanasema, "Iko na sida." Na maneno hayo hayaishi mdomoni tu. Yanafanya mgonjwa afichwe, yanafanya mtoto acheleweshwe, yanakula pesa ya mfuko wetu wa wagonjwa. Kwa hiyo tuyachukue moja moja.

Tuanze na karuho. Kutoka Bukavu mpaka Uvira, mtu akianza kukauka, neno la kwanza ni hilo: "Bamemupa karuho." Kisha watu wanaanza kutafuta nani alimkaribisha pombe, nani alimpikia sombe siku ya matanga. Mgonjwa anapelekwa kutapishwa. Mbuzi anauzwa. Na mama mzee wa jirani, ambaye hana mtu wa kumtetea, anaanza kuogopa kulala nyumbani kwake. Sisemi hakuna mtu aliyewahi kupewa sumu katika dunia hii. Nasema kukonda polepole, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, kuna sababu zinazojulikana, na nyingi zinapimwa.

Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, akawa na homa jioni, akaloa jasho usiku, na nguo zake zikaanza kumlegea, fikiria kifua kikuu kwanza. Kijidudu chake kilionyeshwa na Robert Koch tangu 1882, si siri tena. Dawa zake za kawaida zinamezwa miezi 6, na katika nchi yetu hazilipishwi. Lakini kila mwezi mgonjwa anaokaa kwa muganga wa kutapisha, anakohoa ndani ya nyumba moja na watoto.

Mwingine anakula vizuri, tena sana, anakunywa maji kama ng'ombe, anaamka usiku mara nyingi kukojoa, na bado anakonda. Hapo fikiria ugonjwa wa sukari. Sukari inabaki kwenye damu, haiingii mwilini kufanya kazi, basi mwili unaanza kula mafuta yake na nyama yake wenyewe. Tone moja la damu kwenye kidole linatosha kuonyesha. Mtu huyu akitapishwa na kufungishwa, anaweza kufa kwa siku chache.

Na sida? Kweli, sida isiyotibiwa inakondesha. Lakini anayemeza dawa zake kila siku anarudisha kilo, analima, anazaa, na huwezi kumtambua kwa macho. Wembamba wengi hawana virusi, wanene wengine wanavyo. Macho si kipimo. Tena kuna mzee anayekonda kwa sababu meno yamekwisha na bugali na maharage hayatafuniki, na kuna mama anayekonda kwa huzuni ya watu aliowazika njiani. Huyo wa mwisho anahitaji watu wa kukaa naye na kula naye. Wakimwambia amerogwa, wanamwongezea woga juu ya huzuni.

Jambo la pili: "Mutoto wangu hana shida, angalia vile alivyo munene." Wamama, hapa ndipo naomba masikio yenu. Sisi watu wa Kivu tuna jina letu la zamani: bwaki. Bukavu kuna hata shirika lenye jina la Comité Anti-Bwaki, lilianza miaka ya 1960. Waganga wa dunia wanaita kwashiorkor. Jina hilo lilitoka kwa Waga wa nchi inayoitwa leo Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyeliandika katika vitabu vya utabibu miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Mnaona? Wamama wa kule waliona kile kile tunachokiona huku Ruzizi.

Mtoto wa bwaki anaweza kuonekana amejaa. Kilichojaa ni maji. Miguu inavimba, uso unavimba, nywele zinakuwa nyekundu na kung'oka ovyo, ngozi inabanduka, na mtoto hataki kucheza, analia tu na kunyamaza. Ukimweka kwenye mizani, kilo zinaweza kukudanganya. Njia ya kujua ni rahisi na haina malipo: bonyeza juu ya miguu yake yote miwili kwa vidole gumba, hesabu mpaka tatu, achilia. Shimo likibaki miguu yote miwili, usingoje soko lipite. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na sasa sikilizeni jambo linalowakimbiza wamama wengi kabla ya mtoto kupona. Mtoto aliyevimba akianza matibabu, kwanza anapoteza kilo. Mama anaona mashavu yamekwisha, mbavu zimetoka, anasema, "Munaniulia mutoto," anamfunga mgongoni anarudi nyumbani. Hapana. Maji yanatoka. Kukonda kule ni dalili ya kupona, na kilo za kweli zinakuja nyuma yake. Vilevile mama anashangaa mtoto mgonjwa sana anapewa maziwa kidogo kidogo, yale yanayoitwa F-75, wakati anaonekana ana njaa. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauwezi kupokea chakula kingi kwa mara moja, unaweza kusimamisha moyo. Wanaanza polepole kwa makusudi, kisha wanaongeza.

Kwa mtoto aliyekauka bila kuvimba, reko ana ile bande ya mkono. Kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5, mkono ukiwa chini ya milimita 115, hiyo ni hatari kubwa. Plumpy'Nut anayopewa ni dawa yake peke yake. Najua nyumbani wako watano na wote wanaitazama. Lakini pakiti ikigawanywa kwa watano, hakuna anayepona. Na ile inayouzwa sokoni, kila pakiti imetoka mkononi mwa mtoto fulani.

Marafiki wafadhili, hapa nina neno kwenu pia. Mnapotuuliza "watoto waliongeza kilo ngapi?", swali ni zuri, lakini halitoshi. Mtoto wa bwaki anayepona wiki ya kwanza, katika hesabu hiyo, anaonekana kama anayeshindwa. Ulizeni pia uvimbe umekwisha kwa wangapi. Na picha ya mtoto mwenye mbavu si picha ya njaa yote tuliyo nayo.

Jambo la tatu: "Tumekula bugali, tumeshiba, hatuwezi kukonda." Tumbo lililojaa na mwili uliolishwa ni vitu viwili. Unga wa mihogo una nguvu, lakini protini yake ni kidogo sana. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, hawezi kula bugali ya kutosha mara mbili kwa siku ikamjenga. Mpe mara nyingi, na ongeza maharage, lengalenga, ndagala za kusagwa kwenye uji, karanga. Kijiko cha mawese kinasaidia sana, kwa sababu gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga.

Sasa niwageukie wale wa upande mwingine, msifikiri nimewasahau. Wako kati yetu wenye tansiyo na sukari ambao muganga amewaambia wapunguze mwili. Wengine wanakunywa ndimu na maji ya moto kila asubuhi. Ndimu haiyeyushi mafuta ya mwili, inaweza tu kukuumizia meno na tumbo. Wengine wanajifunga plastiki tumboni na kukimbia juani. Lita moja ya jasho ni kama kilo moja, ndiyo, lakini ukinywa maji inarudi, na usipokunywa unaanguka. Wengine wanameza dawa za kuharisha. Hizo zinatoa maji na chumvi, mafuta yanabaki palepale. Wengine wanakaa bila kula mpaka jioni, kisha wanakula sufuria nzima. Mama anayenyonyesha au mwenye mimba asijaribu hata kimoja.

Kinachosaidia hakina maajabu. Kile kijiko cha mawese nilichosema mwongezee mtoto, wewe mwenye tansiyo kipunguze. Soda ya sentilita 33 ina sukari karibu gramu 35. Chupa ya Primus ya sentilita 72 ina nguvu karibu sawa na sahani ndogo ya bugali, na hakuna anayeihesabu kama chakula. Anayebeba mwili mzito, akipunguza kilo 5 katika kila 100, tansiyo na sukari zinaanza kushuka. Hatafuti kurudi kama alivyokuwa kijana. Na asiache dawa zake eti kwa sababu amekonda kidogo, aulize kwanza.

Mwisho, kuna wanaonunua vidonge vya kunenepesha, dexa na vingine, ili waonekane wamerudi vizuri. Dexa inavimbisha uso, inapandisha sukari na tansiyo, na ukiizoea kisha ukaikata ghafla, inaweza kukuua. Usinunue heshima kwa kidonge.

Ndugu zangu, naomba mambo matatu yaingie katika maamuzi yetu. Moja, mwanachama akikonda bila kutaka, mfuko utoe kwanza nauli ya pikipiki kwenda kupima: makohozi, sukari, virusi. Majibu yakitoka ndipo tuzungumze mengine. Pili, asitajwe jina la mtu kuwa ndiye aliyempa karuho, wala mkutanoni wala kilioni. Tumekimbia vya kutosha, tusianze kukimbizana sisi kwa sisi. Tatu, kila nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5 ijifunze kubonyeza miguu na kutumia bande, baba pia, si mama peke yake.

Nitabaki hapa baada ya mkutano, na bande ninazo. Leteni watoto tuwapime.