Mnunuzi wa Deraya Siye Mvaaji

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa serikali na walimu.



Nimeombwa nizungumze juu ya uchaguzi wa mabamba ya deraya, yaani yale mabamba magumu yatiwayo ndani ya fulana ya kuzuia risasi. Huenda mmoja wenu akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi watu wa kalamu na chaki? Latuhusu sana. Askari wa wanyamapori, polisi wa doria na msindikizaji wa fedha aghalabu hawajinunulii deraya. Hununuliwa na kamati iliyokaa ofisini, kwa sahihi ya mtu ambaye hatapigwa risasi. Na wazee walikwisha sema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo katika hifadhi ya Virunga nchini Kongo, askari 12 wa hifadhi waliuawa katika shambulio moja. Sidai kwamba bamba lingewaokoa. Nataka tu tukumbuke ni watu wa namna gani tunaowachagulia.

Swali la kwanza, basi, si bei. Swali la kwanza ni hili: mtu huyu atakabiliwa na silaha gani? Fulana laini ya nyuzi huweza kuzuia risasi za bastola, lakini risasi ya bunduki huipenya. Hapo ndipo bamba huhitajika. Aidha, fulana iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi si lazima izuie kisu.

Cheti nacho hakina budi kusomwa, si kutazamwa muhuri tu. Mnunuzi hukutana mara nyingi na vipimo vya Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani. Katika kipimo chake cha mwaka 2008, bamba la ngazi ya III lilijaribiwa kwa risasi ya kawaida ya milimita 7.62 ya majeshi ya NATO, na la ngazi ya IV kwa risasi yenye kiini kigumu, iliyoundwa kutoboa deraya. Jaribio la ngazi ya III halikuwa na risasi ya bunduki ya Kalashnikov, ambayo imezagaa katika sehemu nyingi za Afrika. Kipimo kipya kilichotolewa Novemba 2023 kiliiingiza. Maana yake ni kwamba bamba laweza kuwa na cheti halali kabisa, na bado likawa halikujaribiwa kwa silaha ile ile ambayo mvaaji atakutana nayo.

Tena yako mabamba yanayojitosheleza, na yako yanayofanya kazi pale tu yanapovaliwa juu ya fulana laini ya aina maalumu. Anayenunua bamba la aina ya pili bila fulana yake amenunua nusu ya deraya.

Tukija kwenye vitu vinavyounda bamba, kila kimoja kina wema na ubaya wake. Chuma cha pua ni rahisi na hudumu, lakini ni kizito. Risasi ikikipiga hupasuka, na vipande vyake huweza kuruka hadi kooni na mikononi. Kauri huivunja ncha ya risasi, na tabaka la nyuzi lililo nyuma yake hudaka vipande. Ubaya wake ni kwamba bamba la kauri likiangushwa laweza kupata ufa usioonekana kwa macho, hata ikabidi lipigwe eksirei. Plastiki ya poliethilini ni nyepesi kuliko zote mbili, lakini baadhi ya risasi zenye kiini cha chuma huipenya, na joto kali huidhoofisha.

Ndugu zangu, joto si jambo dogo. Mwezi Juni 2003, katika mji wa Forest Hills, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, polisi mmoja alijeruhiwa vibaya kwa risasi iliyopenya fulana yake laini, iliyofumwa kwa nyuzi zinazoitwa Zylon. Fulana ile ilitakiwa kuizuia risasi ile. Wachunguzi walikusanya fulana 103 za nyuzi hizo zilizokwisha kutumika, wakazipiga risasi. 60 kati yake zilipenywa. Ilibainika kwamba nyuzi hizo hudhoofika zikipatwa na unyevu. Mwaka 2005 zikaondolewa katika orodha ya zilizokubaliwa. Mfano huu ni wa fulana laini, lakini fundisho lake ni la deraya zote: kinga iliyofaulu ikiwa mpya yaweza kufa polepole mwilini mwa mvaaji, bila yeye kujua.

Mwisho ni mwili wenyewe. Bamba la kawaida lina kiasi cha sentimita 25 kwa 30. Kazi yake ni kukinga moyo, mishipa mikubwa na mapafu, na ukingo wake wa juu hupaswa kufika pale mifupa ya mtulinga inapokutana. Likiwa dogo mno huacha uhai wazi. Likiwa kubwa mno huzuia mikono. Tena mabamba mawili, la kifuani na la mgongoni, huweza kufika kilo 6 au zaidi. Askari atembeaye kutwa juani atalivua, na bamba lililoachwa kambini halimkingi mtu.

Kwa hiyo nashauri kila kamati ya ununuzi ifanye mambo matatu. Iwaulize wavaaji kabla ya kuwauliza wauzaji. Idai matokeo ya majaribio yanayotaja aina ya risasi. Na iweke daftari la tarehe ya kuanza kutumika, ukaguzi na mwisho wa kila bamba, badala ya kusubiri risasi iwe mkaguzi.

Tahadhari kabla ya hatari. Sahihi tunayoitia chini ya karatasi ya ununuzi ni ahadi kwa mtu asiyekuwapo chumbani.