Damu Ikitoka Mkononi, Saa Inaanza



Wazazi mlio hapa kwenye mahafali haya ya biolojia na tiba mnaujua ugonjwa ambao huku Kivu tunauita bwaki: miguu ya mtoto huvimba, nywele zikabadilika rangi. Ng'ambo ya Ziwa Kivu, pale hospitali ya Lwiro, madaktari wameutibu miaka mingi. Lakini kwa nini watoto wawili wale sahani moja, augue mmoja?

Nchini Malawi watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha, wakatoa matokeo mwaka 2013. Katika jozi zilizopatwa na utapiamlo, mara nyingi pacha mmoja aliugua, mwenzake akabaki mzima. Bakteria wa utumbo wa wagonjwa walipohamishiwa panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya walikonda, na mkojo wao ukaonyesha dalili kwamba seli zinashindwa kuzalisha nguvu ipasavyo.

Kuusoma mkojo au damu namna hiyo, molekuli ndogo mamia kwa mpigo, ndiyo metabolomiki. Jeni hueleza kinachoweza kutokea mwilini. Metaboliti hueleza kinachotokea sasa. Tumaini letu ni kwamba siku moja metabolomiki itamtambua mtoto aliye hatarini kabla miguu haijavimba.

Mtaambiwa mashine za vipimo hivi ziko Ulaya na Marekani, basi tusubiri. Sikubali. Mashine hupima kilichoifikia tu. Damu ikisahauliwa mezani, chembe zake huendelea kula sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Umeme ukikatika hapa Goma, mtaa wa Ndosho, na jenereta haina mafuta, friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri huanza kupata joto, na kazi ya miezi ikaharibika. Hakuna mtaalamu wa Boston atakayeirekebisha.

Kwa hiyo kesho ya sayansi hii imo mikononi mwa anayechoma sindano. Uwezo tunao. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, Wakongomani walipima sampuli Beni, Butembo na hapa Goma, na majaribio ya dawa yaliyoanza Novemba 2018 yakathibitisha tiba 2 ambazo sasa dunia nzima inazitegemea kwa Ebola ya aina hiyo.

Wahitimu, andikeni saa kwenye kila kichupa. Sampuli ikivuka mpaka, swali lenu la utafiti na majina yenu yavuke nayo. Na mama aliyekubali mwanawe achomwe sindano ana haki ya kupata jibu: mrudishieni, kwa lugha anayoielewa.