Kubadili Programu ya Chombo cha Kupimia Antena

Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa redio katika mkutano wa tawi



Kamati ya tawi imetupa nafasi tuseme juu ya jambo moja dogo lililowaletea mafundi wetu taabu isiyo ndogo. Jambo lenyewe ni kubadili programu ya ndani katika kile chombo cha mkononi cha kupimia antena, NanoVNA, ambacho wengi wenu mnacho katika mikoba yenu hivi sasa. Hatukuja kujionyesha kuwa twajua sana. Tumekuja kwa sababu tulikosea, na hatutaki ndugu mwingine alipie kosa lile lile.

Kwanza tuwaeleze wale ndugu ambao si mafundi wa redio. Redio ikituma nguvu katika waya kwenda kwenye antena, antena ikiwa nzuri huitupa hewani karibu nguvu yote. Ikiwa mbovu, sehemu ya nguvu hurudi nyuma kama mpira uliopigwa ukutani. Chombo hiki hutuma mawimbi madogo, husikiliza yanayorudi, kisha huandika kipimo kwenye kioo. Kipimo hicho twakiita SWR. Kikiwa 1, hakuna kinachorudi. Kikiwa 1.5, hurudi kama asilimia 4 ya nguvu. Kikiwa 2, asilimia 11. Kikifika 3, ni robo nzima. Basi mtu aliye chini hupima, na mtu mwingine hupanda mlingoti kwa neno la chombo. Chombo kikisema uongo, mwenzetu amepanda bure.

Hayo ndiyo yaliyotupata sisi. Tulikuwa watatu, tumetumwa kukagua antena ya kituo kimoja cha walinzi wa usiku. Jioni iliyotangulia tajiri wetu alisema chombo kiwe na programu mpya kabla ya asubuhi. Basi mmoja wetu alikichukua nyumbani, akaibadili baada ya chakula cha usiku, watoto wamelala, yeye mwenyewe anasinzia. Programu iliingia vizuri. Akaanza kukisawazisha chombo, na pale kilipomtaka afunge kile kichwa cha ohm 50, alibonyeza kitufe kabla ya kukifunga. Hakujua. Chombo nacho hakikulalamika, kikaandika kwamba kazi imekwisha.

Asubuhi tulipima antena, kipimo kikaenda juu kabisa. Tukasema, antena imekufa. Mwenzetu akapanda, akaishusha, tukaweka mpya. Tukapima, kipimo kile kile. Tukasema, basi ni waya. Akapanda mara ya pili, na sasa upepo umeanza. Tukabadili waya wote. Kipimo kile kile. Jua likatua, na walinzi wakaenda malangoni bila redio. Mzee mmoja katika wale walinzi alituuliza kwa upole, "Wanangu, wezi wakija usiku huu, tupige mluzi?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kesho yake alikuja fundi mmoja wa zamani. Hakutazama mlingoti hata kidogo. Alichukua kile kichwa cha ohm 50 akakifunga kwenye chombo chenyewe. Kichwa hicho hakirudishi kitu, kwa hiyo kipimo chake lazima kiwe 1 au karibu sana na 1. Kipimo kikaenda juu kabisa. Akasema, "Chombo chasema hata hiki ni kibovu. Sasa mgonjwa ni nani?" Akakisawazisha upya kwa dakika chache, kisha tukapima ile antena ya zamani tuliyoishusha. Ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Ndugu, hadithi hiyo ndiyo sababu ya maneno yetu yote. Sasa tuseme namna kazi hii inavyopaswa kufanywa.

Jambo la kwanza ni kujua chombo ulicho nacho. Jina NanoVNA limekuwa kama jina la ukoo. Chombo cha asili kilibuniwa Japani na Tomohiro Takahashi, ajulikanaye kwa jina la edy555, naye aliutoa mchoro na programu bure kwa watu wote. Baadaye fundi wa China ajulikanaye kwa jina la hugen alitengeneza NanoVNA-H, na kuanzia mwaka 2019 vyombo hivi vikaenea duniani. NanoVNA-H ina kioo cha inchi 2.8, na ndani yake kuna chipu ya STM32F072. NanoVNA-H4 ina kioo cha inchi 4 na chipu ya STM32F303. Programu ya H haifai H4, wala ya H4 haifai H. Tena kuna NanoVNA V2, ambayo ni chombo kingine kabisa, na njia yake ya kubadili programu ni nyingine. Kabla hujafanya lolote, ingia katika sehemu ya CONFIG, ufungue VERSION, uandike kwenye daftari yale unayoyaona. Kama tungekuwa na desturi ya daftari, tungejua siku ile kwamba kitu kimebadilika usiku.

Jambo la pili, jiulize kwa nini wataka kubadili. Programu mpya huondoa makosa ya zamani, na nyingine huongeza kazi, kama ile ya DiSlord ambayo mafundi wengi huitumia. Hayo ni mema. Lakini programu haigeuzi vyuma. Katika NanoVNA-H mawimbi hutoka moja kwa moja katika chipu yake mpaka kama MHz 300. Juu ya hapo chombo hutumia marudufu ya mawimbi hayo (harmonics), ambayo ni dhaifu zaidi. Programu mpya ikikuandikia kwamba sasa unaweza kupima mpaka MHz 1500, jua kwamba mlango umefunguliwa, lakini nguvu ya chombo ni ile ile, na kipimo cha huko juu si cha kuaminiwa kama cha chini. Ikiwa chombo chako chafanya kazi vizuri na kesho una safari ya kikazi, usikibadili usiku wa leo.

Jambo la tatu ni waya wa USB. Waya nyingi zinazouzwa madukani ni za kuchaji simu tu, hazina nyuzi za kupitisha habari. Fundi huunganisha, kompyuta haioni kitu, naye huanza kudhani chombo kimekufa. Tafuta waya uliokwisha kupitisha habari kati ya simu na kompyuta, uufunge alama, uuweke pamoja na chombo.

Jambo la nne ni kukilaza chombo katika hali iitwayo DFU, ndiyo hali ya kupokea programu. Katika vyombo vingi waingia CONFIG, kisha DFU, kisha wakubali. Katika H4 waweza kubonyeza ile gurudumu ya juu na kuishika huku ukiwasha. Katika vile vya zamani, ikiwa kioo hakifanyi kazi, hufunguliwa mgongo na kuunganishwa sehemu mbili ndogo kwenye bodi, BOOT0 na VDD, wakati wa kuwasha. Chombo kikiwa katika hali hii kioo huwa cheusi. Hapa ndipo watu hutetemeka. Usitetemeke. Weusi huo ni dalili kwamba kinangoja. Kompyuta yenye Linux itakionyesha kwa namba 0483:df11. Kwa Linux tumia dfu-util. Kwa Windows tumia STM32CubeProgrammer, au ile ya zamani iitwayo DfuSe. Faili yenye mkia wa bin huandikwa kuanzia anwani 0x08000000. Kosea anwani hiyo, na chombo hakitaamka.

Na kisipoamka je? Ndugu, hili tunataka lisikike mpaka ofisi ya tajiri. Ndani ya chipu ile ya STM32 kuna programu ndogo ya kuamsha, iliyotiwa kiwandani mahali pasipofutika kwa kazi hii yetu. Umeme ukikatika katikati, au faili ikiwa ya chombo kingine, chombo hakijafa. Kirudishe katika hali ya DFU, uandike faili iliyo sawa, kitaamka. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba umekiua chombo na ukilipie, mwambie angoje kwanza kijaribiwe tena kwa utaratibu.

Jambo la tano ndilo kubwa kuliko yote. Programu ikiisha kuingia, kazi ndiyo kwanza imeanza. Futa mapangilio ya zamani, maana programu mpya huenda isiyasome yale ya zamani ilivyotakiwa. Sawazisha kioo ili mguso wako ushike mahali pake. Kisha chagua kiasi cha mawimbi utakachopima. Ikiwa redio zako ziko karibu na MHz 155, hakuna haja ya kusawazisha mpaka MHz 900. Weka kwa mfano 140 mpaka 170. Baada ya hapo futa usawazisho wa zamani kwa RESET, kisha funga vichwa kwa zamu, mwisho wa waya ule ule utakaoutumia kazini. Kile kilicho wazi, bonyeza OPEN. Kile kilichofungwa ndani, bonyeza SHORT. Kile cha ohm 50, bonyeza LOAD. Kila mara funga kwanza, ngoja mistari itulie, ndipo ubonyeze. Maliza kwa DONE, hifadhi katika namba 0.

Tena usiondoke hapo. Rudisha kile kichwa cha ohm 50, usome kipimo. Kikiwa karibu na 1, vema. Kisha weka kile kilicho wazi na kile kilichofungwa, kipimo kiende juu kabisa. Hapo ndipo chombo kimekula kiapo mbele yako. Tena tazama ukingo wa kushoto wa kioo. Ukiona C kubwa na namba 0, usawazisho uliouhifadhi ndio unaotumika. Ukiona c ndogo, umebadili kiasi cha mawimbi baada ya kusawazisha, na chombo sasa kinakisia. Mwuza duka mwenye haki huweka jiwe la kilo moja kwenye mizani kabla ya kumpimia mteja. Kile kichwa cha ohm 50 ndilo jiwe letu. Sisi tulipima bila jiwe, na mwenzetu akapanda mara mbili katika upepo.

Sasa tuseme juu ya haki, maana hiki ni chama cha wafanya kazi. Baada ya mambo yale, tajiri alitaka kukata mishahara yetu bei ya antena mpya na waya. Katibu wetu alikwenda naye mezani na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 19 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa ambalo mfanya kazi amelifanya kwa kusudi. Katibu akauliza maswali matatu tu. Je, watu hawa walikusudia? Je, mali gani imeharibika, ikiwa antena ya zamani ni nzima na mpya iko stoo? Na saa zile za usiku, fundi alipokuwa akibadili programu nyumbani kwake, zililipwa na nani? Tajiri alinyamaza kidogo, kisha akaacha habari ya kukata. Hatusemi hayo kumwaibisha. Alikuwa hajajua kwamba kazi ile ni kazi.

Kwa hiyo tulipatana mambo manne, nasi twayaleta kwenu myatazame kama yafaa katika karakana zenu. Kubadili programu kufanywe saa za kazi, na saa hizo zihesabiwe. Kufanywe na watu wawili, mmoja akifunga vichwa na mwingine akisoma kioo na kuandika. Daftari la chombo liwe na tarehe, programu ya zamani, programu mpya, na kipimo cha ohm 50 baada ya kusawazisha. Na mtu asipande mlingoti kwa neno la chombo mpaka kichwa cha ohm 50 kimepimwa asubuhi ile ile.

Neno la mwisho ni hili. Programu hii ilitolewa bure, na aliyeiandika ameruhusu kila mtu aitazame, aibadili na kuigawa. Tumesikia kuna watu wanaowatoza mafundi vijana fedha kwa kuwapa faili ambayo haina bei. Anayekufundisha kazi kwa saa nzima astahili ujira wake. Lakini anayekuuzia faili tupu na kukuficha namna ya kuitumia, huyo anakufanya uwe mteja wake siku zote. Ofisi ya tawi itakuwa na kompyuta moja, waya mmoja mzuri, na faili za H na za H4 zilizoandikwa majina wazi ili zisichanganyike. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi njooni na vyombo vyenu, tufanye pamoja. Anayejua amfundishe asiyejua, na asiyejua asione haya kuuliza.

Yule mzee mlinzi tulikutana naye tena wiki iliyofuata. Redio yake ilikuwa ikisikika vizuri, na antena ilikuwa ile ile ya zamani. Hatukumwambia hayo yote. Tulimwomba radhi kwa usiku ule mmoja, naye akapokea.

 Umoja ni nguvu.