Tabasamu Halijazi Shelfu

Ikifika wiki ya kwanza ya Oktoba, ingia benki, au kampuni ya simu, au ofisi ya maji ya mkoa wako, utapokelewa na maputo. Ni Wiki ya Huduma kwa Wateja. Wahudumu wamevaa fulana mpya, kaunta imewekwa sahani ya pipi, na mkurugenzi ametoka makao makuu kuja kukata keki. Anamlisha mteja wa siku nyingi, anamlisha mhudumu, picha zinapigwa, kisha anakaa dirishani nusu saa kuwahudumia watu yeye mwenyewe. Keki sina ugomvi nayo, na nikikaribishwa nitakula.

Ugomvi wangu ni hiyo nusu saa. Mkurugenzi akikaa dirishani, mtu wa TEHAMA husimama nyuma yake, kwa hiyo mtandao hausumbui. Karatasi ikihitaji saini ya meneja, meneja huyo hapo, kalamu mkononi. Bosi anaondoka akiamini kwamba kazi ya dirishani inataka moyo wa kupenda watu tu. Mwisho wa mwezi, yule binti aliyempisha kiti yuko palepale. Madirisha ni sita, wahudumu wawili, mtandao umeganda, meneja yuko kikaoni, na mzee wa pensheni aliye mbele yake alipanga foleni tangu saa moja asubuhi.

Huduma mbovu haianzii dirishani. Inaanzia ghorofani, penye kiyoyozi, ndipo inashuka ngazi mpaka imkute mtu wa mshahara mdogo kuliko wote, na huyo ndiye anayetukanwa.

Mtazame keshia wa duka kubwa. Amepiga sabuni mara mbili kwa bahati mbaya, na mteja ameona. Keshia hana ruhusa ya kuifuta. Anainua mkono, anaita jina la msimamizi mwenye kadi. Msimamizi yuko stoo, anapokea mzigo. Keshia anaita tena, safari hii kwa sauti ya aibu. Foleni inarefuka, wa nyuma wanaguna, mama mmoja anaweka kikapu chini, mkate na maziwa ndani yake, anatoka. Duka limepoteza kikapu kizima kwa kulinda mche mmoja wa sabuni. Jioni keshia anaulizwa kwa nini foleni yake ilikuwa ndefu, na jina lake linaandikwa kwenye orodha ya watakaokwenda semina ya kuwatabasamia wateja.

Wenye maduka watanijibu: wizi. Nawaelewa. Ruhusa ya kufuta bidhaa ikiwa huru, wapo watakaofuta na kutia mfukoni. Lakini kila anachofanya keshia kwenye mashine kinabaki kwenye kumbukumbu. Mpe ruhusa ya kurekebisha kosa la hadi shilingi 5,000, kagua jioni, anayeiba utamwona. Meneja asiyeweza kumwamini mtu wake kwa shilingi 5,000, kisha anamtaka awe sura ya kampuni, anadai asichokilipia.

Hali ni ngumu, hilo halina ubishi. Tulianza na korona mwaka 2020, ikafuata vita ya Ukraine na bei za mafuta na ngano za 2022, kisha 2023 dola ikaadimika. Kampuni ikibanwa, kitu cha kwanza kukatwa ni mafunzo, kwa sababu mafunzo hayapigi kelele yakiondolewa. Cha pili ni watu wa chini. Gari la mkurugenzi huwa halimo kwenye orodha. Ila tusikubali kila anguko lisingiziwe hali ya uchumi, maana jirani zetu wa Kenya wametuonyesha jambo ambalo ni vigumu kulikanusha.

Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, ilitokana na duka la magodoro la Nakuru, na ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kufikia 2017 shelfu zake nyingi zilikuwa tupu. Wasambazaji walikuwa hawajalipwa, wakaacha kuleta mzigo. Wenye majengo nao walidai kodi. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe kabisa. Kabla yake ilikuwapo Uchumi, duka la tangu 1975, lililofungwa mwaka 2006 kwa madeni, likafufuliwa, na Oktoba 2015 likafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa wateja wake wanakumbuka.

Sasa mfikirie mfanyakazi wa duka la namna hiyo. Amefundishwa kusalimia, amefundishwa kupanga mbele maziwa yanayokaribia tarehe ya mwisho. Maziwa hayapo. Mteja akiuliza unga, anajibu kesho. Kesho akiuliza tena, anajibu kesho. Hajui kwa nini mzigo hauji, hakuna aliyemwambia, na mshahara wake mwenyewe unachelewa. Mpeleke huyo semina hata kumi. Atarudi akitabasamu vizuri sana mbele ya shelfu tupu.

Na katika miaka hiyohiyo, kwa wateja walewale na shilingi ileile ya Kenya, Naivas, nayo iliyoanzia Bonde la Ufa kama duka la familia, iliendelea kufungua matawi, na sasa imeshavuka 100. Uchumi wa nchi ulikuwa mmoja. Maamuzi ya ghorofani ndiyo yaliyotofautiana: nani alipwe kwanza, tawi jipya lifunguliwe kwa fedha ya nani, na lini mtu aseme hapa tusimame.

Turudi kwetu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 walikuja 620,867 tu. Sitamlaumu mwenye hoteli aliyepunguza watu mwaka ule. Vyumba vilikuwa vitupu na benki ilikuwa inadai. Lakini kulikuwa na namna mbili za kupunguza. Wapo walioita watu wao, wakaweka hesabu mezani, wakakubaliana nusu mshahara au likizo bila malipo, na wakawa wanawapigia simu kuwajulia hali. Na wapo waliobandika tangazo getini. Kufikia 2024 watalii walivuka milioni 2.1, na kila hoteli ilikuwa inatafuta mpishi anayejua kazi na mwongoza watalii anayejua ndege kwa majina. Waliobandika tangazo walikuta watu wao wameshaajiriwa kwingine, au wako shambani, au wamenunua bodaboda na hawana hamu ya kurudi. Kumpata mtu mpya si kazi. Kazi ni kumfikisha pale alipokuwa yule uliyemfukuza.

Kuhusu mafunzo nitasema kwa kifupi. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi kumi au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Zamani ilikuwa asilimia 6. Kila mwaka waajiri waliomba ipunguzwe, na imepunguzwa, ni sawa. Ninachowauliza ni hiki: hiyo tofauti mliyobakiziwa mfukoni, ni kiasi gani kimemfundisha mtu? Vyuo vya VETA vipo, Chuo cha Taifa cha Utalii kipo, na utaratibu wa uanagenzi, wa kijana kusoma chuoni huku akifanya kazi kwako, upo. Kumpeleka keshia ajifunze hesabu za stoo si gharama ya kutisha. Siku msimamizi mwenye kadi akiugua, utakuwa na mtu.

Na nyinyi viongozi mnaoandaa orodha ya watu wa kupunguzwa mwaka huu, someni kwanza kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hakisemi iteni watu ukumbini muwagawie barua. Kinasema mtoe taarifa mapema, wakati bado ni kusudio, muwaeleze sababu, na mshauriane nao, au na chama chao, juu ya njia za kuepuka kupunguza watu, na namna ya kuwachagua ikiwa hapana budi. Wengi wenu mnakitekeleza kifungu hiki baada ya uamuzi kupita, ili faili likamilike. Kitekelezeni kabla. Mwiteni keshia, mlinzi, dereva wa mzigo na mama wa usafi, muwaonyeshe hesabu, muwaulize wao wangekata wapi. Wanajua taa zipi zinawaka usiku kucha bila mtu, na gari lipi linakwenda tupu na kurudi tupu. Waulizeni wiki hii, kabla barua hazijachapwa.